Protini katika Chakula cha Ng'ombe wa Maziwa
Mazungumzo kwa wafugaji na wanunuzi wa vyakula vya mifugo, Unguja



Swali tunaloulizwa mara kwa mara ni hili: je, mfuko wenye protini nyingi zaidi ndio uletao maziwa mengi zaidi? Jawabu letu ni kwamba protini haina budi iwepo, lakini inayozidi mahitaji ya ng'ombe ni fedha iliyomwagwa zizini, na kutoka zizini huweza kuteremka hadi kisimani.

Tuanze na hesabu. Asilimia 16 hivi ya protini ni naitrojeni. Tumchukue ng'ombe chotara anayekula kilo 10 za chakula, bila kuhesabu maji yaliyomo, chenye protini asilimia 14, na kutoa lita 10 za maziwa kwa siku. Huyu humeza gramu 224 za naitrojeni. Katika maziwa hutoka gramu 50 hivi tu. Zilizobaki karibu zote hutoka kwa kinyesi na mkojo. Akipewa chakula cha asilimia 18, na maziwa yasiongezeke, mwenyewe amenunua gramu 64 zaidi kila siku, nazo nyingi huishia katika mkojo.

Sababu yake ni hii. Vijidudu vya tumbo la kwanza huvunja protini ikawa amonia, kisha huitumia kujenga protini ya miili yao, ambayo baadaye humlisha ng'ombe. Kazi hiyo yahitaji nguvu itokanayo na wanga na sukari. Nguvu ikipungua, amonia huingia katika damu, ini huigeuza urea, na figo huitoa. Kwa hiyo majani ya lukina au mashudu ya nazi yaende pamoja na pumba za mahindi, maganda makavu ya muhogo au molasi.

Upungufu nao una hasara. Mabingobingo yaliyokomaa sana huweza kushuka chini ya asilimia 7 ya protini. Hapo vijidudu hudhoofu, na ng'ombe hupunguza kula. Yakatwe yangali machanga.

Tukumbuke pia ardhi yetu. Sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya matumbawe, yapitishayo maji upesi. Naitrojeni ya zizini hugeuka naitreti na kuzama. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa, hasa kwa kuwalinda watoto wachanga. Na Mji Mkongwe, tangu zama za Sayyid Barghash, umepata maji kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Maji ya shamba na ya mjini hayana mpaka.

Kwa hiyo tunashauri:

1. Someni kiwango cha protini ghafi, lakini mjue kwamba hupatikana kwa kupima naitrojeni na kuzidisha kwa 6.25. Urea iliyotiwa humo nayo huhesabiwa kuwa protini. Muulizeni muuzaji kilichomo.
2. Msimpe ng'ombe mbolea ya urea kwa kukisia, huweza kumuua.
3. Mkibadili chakula, pimeni maziwa kila siku kwa wiki mbili. Yasipoongezeka, gharama hiyo haina faida.
4. Wekeni samadi mbali na kisima, chini ya paa, kisha ipelekeni migombani.