Chakula cha Bei Nafuu Chumbani Mkiwa Likizoni, Bila Kuhatarisha Familia

Haya ni mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa serikali ya kaunti kwa wazazi na vikundi vya akiba kabla ya likizo ya Desemba.

 

Shule zinakaribia kufungwa, na wengi wenu mmekuwa mkiweka pesa kwenye chama mwaka mzima ili watoto wakaione bahari. Ni jambo jema. Lakini baada ya Desemba inakuja Januari, pamoja na karo, sare na vitabu. Ukienda Mombasa, Malindi au Diani, nauli na bei ya chumba unazijua kabla hujatoka nyumbani. Kinachomaliza pesa bila kutarajiwa ni chakula.

Tuchukue mfano wa familia ya watu watano kwa siku tano. Tuseme sahani moja hotelini ni shilingi 400. Wakila huko mara tatu kwa siku, watatumia shilingi 30,000. Wakila hotelini mara moja tu, na milo miwili wakaitayarisha chumbani kwa shilingi 100 kila mtu, watatumia shilingi 15,000. Weka bei utakazozikuta mwenyewe, lakini hesabu ndiyo hiyo: karibu nusu inabaki.

Basi swali ni namna ya kutayarisha chakula hicho chumbani. Hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu kuna njia moja inayoua.

Msiwashe jiko la makaa ndani ya chumba cha kulala, hata kwa dakika chache, hata mkiwa na haraka ya kumpikia mtoto uji. Makaa yanapowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ukiivuta, inachukua nafasi ya oksijeni katika damu, na aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Makaa yaliyofifia bado yanaitoa. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi, na tunajua kwamba usiku huko Pwani watu hufunga madirisha kwa sababu ya mbu. Ikiwa watu wawili watatu chumbani wanaumwa na kichwa, wanasikia kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, msiseme ni uchovu wa safari. Tokeni nje mara moja, pigeni 999 au 112, na mwende hospitalini. Mtungi wa gesi nao haufai chumbani. Ukivuja karibu na vitanda na mapazia, moto hautawapa nafasi ya kutoka.

Umeme nao una mipaka yake. Kabla ya kulipia chumba, muulizeni mwenye gesti kama anaruhusu birika la umeme au jiko la umeme. Wengi wanakubali birika na kukataa jiko, na wana sababu. Birika la wati 2,000 na jiko la wati 1,500 vikichomekwa pamoja kwenye ekstensheni moja vinavuta karibu ampea 15, ilhali plagi zetu ni za ampea 13. Waya unapata moto, plastiki inayeyuka. Tumieni kifaa kimoja kwa wakati, kichomekwe moja kwa moja ukutani, mbali na kitanda. Kama mko familia mbili tatu, ulizieni nyumba ya kukodi yenye jikoni. Mkigawana kodi inaweza kuwa nafuu kuliko vyumba, na mtapika kama nyumbani.

Kwa wenye birika tu, bado mna mengi ya kufanya. Bebeni thamosi yenye mdomo mpana, bakuli lenye kifuniko, vijiko na vikombe.

Asubuhi, suuzeni thamosi kwa maji moto, mtie kikombe kimoja cha oti na vikombe viwili vya maji yanayochemka, mfunge kwa robo saa. Ongezeni ndizi iliyokatwakatwa. Au muwaachie wenyeji kazi hiyo: Pwani utapata mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, bado ni moto, kwa bei ambayo huwezi kuishinda kwa kupika mwenyewe. Ninyi mtengeneze chai tu.

Kwa mlo mwingine, wekeni tambi nyembamba kwenye bakuli, mzimwagie maji yanayochemka na kufunika mpaka zilainike, kisha mmwage maji. Fungueni kopo la samaki au la maharagwe yaliyopikwa tayari, mchanganye. Kachumbari ya nyanya, kitunguu, dania na ndimu inakamilisha sahani. Mkate na parachichi ni mlo pia. Sokoni Kongowea au Marikiti mtapata matunda na mboga, na Desemba ni wakati wa maembe. Osheni kila kitu kwa maji yaliyochemshwa. Maji ya visima vya Pwani mara nyingi yana chumvi, kwa hivyo yaonjeni kabla ya kuharibu majani ya chai.

Kuna tahadhari kuhusu maharagwe makavu. Msiyapike kwa kuyaacha kwenye thamosi. Maharagwe mekundu yana sumu ya asili inayoondoka yakilowekwa, yakamwagwa maji hayo, kisha yakachemka kwa nguvu juu ya moto. Joto la thamosi haliifikii kazi hiyo, na matokeo ni kutapika na kuhara.

Tahadhari ya pili ni kuweka viporo. Vijidudu huzaana haraka chakula kikiwa kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na chumba kisicho na friji kiko hapo katikati. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili. Kukiwa na joto kali la zaidi ya nyuzi 32, saa moja inatosha. Pilau ya jioni isiwe chai ya asubuhi: wali una vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na zikizaana huacha sumu ambayo hata kupasha moto hakuiondoi. Githeri mliyofunga nyumbani usiku wa kuondoka isiliwe mkifika kesho yake. Kwa safari bebeni vitu vikavu: mkate, njugu, biskuti, na ndizi. Maziwa chukueni yale ya pakiti ndogo za kukaa muda mrefu, na ikifunguliwa imalizwe.

Kuhusu mizigo, wanaosafiri kwa treni ya SGR wakumbuke mabegi yanakaguliwa, na visu na mitungi ya gesi haipiti. Kateni vitunguu kwa kisu cha kuazima gestini. Tena, tangu tarehe 5 Juni 2020 ni marufuku kuingia ufuoni na plastiki za kutumia mara moja: chupa za maji, sahani, vijiko na mirija. Ndiyo maana nilisema bebeni vyombo vya kuosha. Vitawaokoa na faini, na pia hamtanunua vingine kila siku.

Mkirudi nyumbani, tungependa kuwaona wote mlioondoka nao, wakiwa na afya, na pesa za karo zikiwa bado zipo. Jiko la makaa libaki nyumbani. Mwambieni hivyo pia jirani ambaye hakufika leo, hasa yule anayesafiri na watoto wadogo.