Maji Tunayoyaachilia Mtoni



Sisi wa kazi ya maji machafu twajua safari ya maji hayo. Sehemu kubwa ya maji machafu ya Nairobi husafishwa katika mabwawa ya Ruai, kisha huingia Mto Nairobi, nao huingia Athi. Athi hupita katika mbuga ya Tsavo kwa jina la Galana, ukafika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Watu, mifugo na wanyama wa porini hunywa humo.

Kanuni za Serikali za mwaka 2006 ziliweka mpaka: katika kila lita inayoachiliwa, taka zinazoelea majini zisizidi miligramu 30, na asiye na leseni asiachilie. Mpaka ni mzuri, lakini nani hupima? Ni sisi wenyewe. Basi mfanya kazi akiandika hesabu mbaya iliyo kweli, asifukuzwe, wala asiambiwe aibadilishe.

Kwa kila kiwanda cha namna hii twataka mambo matatu: vyombo vizima vya kupimia, glavu na viatu vya mpira, na ulinzi kwa asemaye kweli. Tukinyamaza, atakayelipa ni yule anayechota maji huko chini.

Umoja ni nguvu.