Sauti ya Marehemu Baba



Jioni moja tuliwakusanya watoto na wajukuu ili wazione nasaha za marehemu baba yetu, tulizozirekodi na kuzihifadhi katika kompyuta. Tukaiunganisha kompyuta na televisheni. Midomo ya mzee ikaonekana ikisogea, lakini sauti ilibaki ndani ya kompyuta, hafifu mno. Mama akauliza, "Mbona hasemi?"

Kosa lilikuwa letu. Waya wa VGA hupeleka picha peke yake. Sauti huhitaji waya wake. Waya wa HDMI, ambao kanuni zake zilitolewa mwaka 2002, hubeba vyote viwili, ila yapasa kompyuta nayo ielekezwe kupeleka sauti kwenye televisheni. Atumiaye flashi akumbuke kwamba mfumo wa FAT32 haupokei faili moja linalofikia GB 4, tena si kila televisheni husoma kila aina ya video. MP4 husomwa na nyingi.

Basi tuyajaribu haya kabla watu hawajaketi, wala tusiifute nakala ya asili baada ya kuibadili. Aliyerekodiwa hayupo tena kuyarudia maneno yake.