Siku ya Kwanza ya Mtoto wa Punda: Mimba, Mzigo na Dang'a katika Mji wa Lamu

Maafisa wenzangu wa ugani, wenye punda na waendeshaji,

Nimetakiwa nizungumzie uzalishaji wa punda na malezi ya watoto wao. Ya mwanzo nitayapitia upesi, maana wengi humu ukumbini wamekulia nayo. Punda jike hubeba mimba miezi 12 hivi, wengine hufika 14. Huzaa mtoto mmoja. Pacha ni nadra. Mtoto huachishwa ziwa akitimiza miezi 6, na hafai kubebeshwa mzigo kabla ya mwaka wa tatu au wa nne, mifupa ikiwa haijakomaa. Mnyama wa uzazi huu hawezi kuhimili kasi ya machinjio yaliyofunguliwa nchini Kenya kuanzia 2016 kwa ajili ya ngozi, na ndiyo maana tulifarijika Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipopitisha marufuku ya miaka 15 ya uchinjaji huo. Hilo limesemwa sana. Mimi nimekuja kumsemea punda anayetupotea bila kisu, uani mwetu wenyewe.

Mtoto wa punda huzaliwa hana kinga. Kondo la mama yake halipitishi kinga ya damu kama la mwanadamu. Yote imo katika dang'a, yale maziwa ya kwanza. Na utumbo wake huipokea kwa saa 24 tu, tena zaidi katika saa 6 za kwanza. Mlango huo ukishafungwa, hata akinyonya mwezi mzima anashiba tu. Kwa hiyo tunahesabu hivi: ndani ya saa 1 awe amesimama, ndani ya saa 2 awe amenyonya, ndani ya saa 3 kondo liwe limetoka.

Sasa itazameni asubuhi yetu. Jike huzaa usiku. Alfajiri mwendeshaji anafika na shogi ya mizigo, jahazi la mchanga limeshafunga gatini.

Niliitwa siku moja nyuma ya nyumba iliyokuwa ikijengwa. Mtoto amefungwa kamba kwenye kigingi, kitovu bado kibichi, ananyonya ukuta wa matumbawe hata midomo imekuwa myeupe kwa chokaa. Mama yake yuko gatini tangu saa kumi na mbili, anapandisha mchanga, na maziwa yanamchuruzika mapajani. Yale yaliyomwagika njiani ndiyo yaliyokuwa dang'a. Aliporudi adhuhuri mtoto alinyonya kwa pupa, na mwenye punda akafurahi. Siku ya nne magoti yalivimba, ukiyagusa ni moto. Siku ya sita tulimzika.

Kwa miaka mingi nililaumu ujinga, nikagawa vipeperushi. Nilikosea. Mwendeshaji anajua kuwa jike kazaa. Lakini jioni anadaiwa hesabu ya siku, na punda si wake, wala mtoto si wake. Anayepakia siye anayepata hasara, na anayepata hasara hayupo wakati wa kupakia. Kupanga mapatano ya watu si kazi ya idara yangu, nami hapa sisemi kwa niaba yake. Hata hivyo haya nimeyasema katika warsha kadhaa, na kila mara huandikwa chini ya neno "uhamasishaji" yakaishia humo humo. Nimechoka kuzika watoto wa punda waliozaliwa wazima.

Jingine ni tarehe. Punda wetu hulala nje, dume na jike hukutana vichochoroni, na hakuna anayeandika. Usipojua lini alipandwa, utampumzisha lini? Dalili zipo. Jike huingia joto tena wiki moja au mbili baada ya kuzaa, kwa hiyo siku aliyozaa mwaka huu hukupa fununu ya mwakani. Kiwele huanza kujaa wiki tatu au nne kabla. Siku moja au mbili kabla, chuchu huota matone makavu, ya manjano, kama nta. Ukiyaona hayo, shogi ibaki ndani.

Napendekeza, kwanza, kila mwenye punda aandike tarehe ya kuzaa, hata kwa mkaa ukutani. Mizigo ipungue miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na mwezi wa mwisho isiwepo kabisa. Kiwele kitazamwe kila jioni, na atazame mwenyewe, asimwachie kijana. Kitovu kichovywe ayodini mara tu mtoto azaliwapo, na jike achanjwe pepopunda mwezi mmoja kabla ya kuzaa, ugonjwa ambao lugha yetu yenyewe imeupa jina la mnyama huyu. Mama na mtoto wasitenganishwe siku ya kwanza kwa sababu yoyote. Nalirudia hili kwa kuwa ndilo linalovunjwa. Maafisa tuache kuuliza tu punda wangapi wamekufa, tuulize mtoto alinyonya saa ngapi. Na tarehe iandikwe, narudia, hata kwa mkaa.

La mwisho nawaelekeza wenye punda mliokaa safu ya mbele. Asubuhi jike anapokutwa amezaa, mwendeshaji apewe punda mwingine. Na kama hakuna mwingine, hesabu ya siku hiyo asidaiwe.