MAPATANO YA KAZI YAANDIKWE
(Maneno tuliyowaambia wafanya kazi wa Daraja Mbili, Kisii)



Tumekuja kwenu sisi wa reli, ingawa reli yenyewe haijafika Kisii, kwa kuwa jambo la mkataba ni letu sote: wapakiaji wa ndizi, wauzaji wa madukani, wapishi wa hoteli na walinzi.

Wengi huandikwa kazi kwa neno la mdomo. Siku ya ugomvi tajiri husema, "Wewe ulikuwa kibarua tu," na mtu hana la kuonyesha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na nguvu za mtu ni mali yake.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema hivi. Kazi ya miezi 3 au zaidi sharti iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandikisha ni juu ya tajiri. Wewe watia sahihi au dole gumba. Asiyejua kusoma lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa. Basi mama wa Kikisii aelezwe kwa Kikisii, ndipo atie dole.

Tazameni karatasi ionyeshe haya: jina lako na la tajiri, kazi yenyewe, mahali pake, siku ya kuanza, muda wa mkataba, saa za kazi, mshahara na siku ya kulipwa. Mapumziko yasipungue siku 1 katika siku 7, wala likizo ya mwaka isipungue siku 21 za kazi zenye malipo. Mama aliyejifungua ana miezi 3 yenye mshahara kamili. Muda wa kujaribiwa usizidi miezi 6, wala hauongezwi bila ridhaa yako. Wa mshahara wa mwezi hupewa notisi ya siku 28 kwa maandishi. Tajiri aweza kuzidisha hayo. Kupunguza hawezi, hata ukitia sahihi.

Je, asiye na karatasi amepotea? La. Kesi ikifika mahakamani na tajiri asitoe mkataba, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wake. Na kibarua aliyefanya kazi mfululizo kutimiza mwezi 1 huhesabiwa kuwa mtu wa mwezi, naye hustahili notisi. Kwa hiyo andikeni tarehe zenu, wala msifute ujumbe wa M-Pesa wa malipo.

Mmoja akidai karatasi peke yake, huitwa mkaidi. Wakidai ishirini pamoja, tajiri humwita karani aandike. Hiyo ndiyo kazi ya chama. Jiungeni.