Miche ya Kikundi Chako na Sahani ya Mtoto Wako

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na kazi yangu hunipitisha katika maboma mengi kila wiki.

Leo tutazungumza juu ya vikundi vya akina mama vinavyootesha miche ya mboga na kuiuza mvua ndefu inapokaribia. Huenda ukauliza, muuguzi anatafuta nini kitaluni? Subiri kidogo, utaona.

Siku ya kuuza miche ni siku njema. Akina mama hufika mapema, miche imefungwa mafungu mafungu na kufunikwa kwa gunia bichi, majirani wanachagua, watoto wanakimbia huku na huku, na ikifika saa nane mwekahazina anahesabu pesa. Lakini katika ziara zangu nimeona jambo moja zaidi ya mara moja. Mama ni mwanachama hodari, hakosi zamu ya kumwagilia maji, kikundi chake kimeuza miche mingi. Ukizunguka nyuma ya nyumba yake, hakuna hata shina moja la sukuma wiki. Mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu anakula ugali kwa chai. Ukifungua kiganja chake, ni cheupe.

Mama, hilo ndilo linalonipeleka kitaluni. Ninataka tukubaliane jambo moja leo: mche wa kwanza ni wa nyumba yako, wa pili ni wa jirani asiye na uwezo, na wa tatu ndio wa kuuza.

Kwa nini ninasema hivyo? Uchunguzi wa watu na afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Mwaka 2014 walikuwa 26 kati ya 100. Tumepiga hatua, lakini hao 18 ni watoto wetu. Mtoto hadumai kwa siku moja. Hudumaa polepole kwa kula chakula cha aina moja na kwa kuugua mara kwa mara, na mara nyingi hayo hutokea kabla hajatimiza miaka miwili.

Mtoto akifika miezi 6, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena. Mama aendelee kumnyonyesha hadi miaka miwili au zaidi, na pamoja na kunyonya ale chakula laini kizito mara 2 hadi 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9 ale mara 3 hadi 4, na kitu kidogo katikati, kama papai au ndizi. Katika chakula hicho mboga za majani zina kazi kubwa. Managu, terere, saga, kunde na sukuma wiki zina vitamini A, inayolinda macho na kumsaidia mtoto kupigana na magonjwa. Zina pia folate na madini ya chuma yanayotumika kutengeneza damu. Viazi vitamu vyenye rangi ya machungwa ndani vina vitamini A kwa wingi kuliko vile vyeupe, na watoto huvipenda kwa sababu ni vitamu na laini.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Ukinunua mboga ya shilingi 30 kila siku, kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 900. Siku pesa zikikosekana, kinachoachwa kwanza ni mboga. Lakini shina lililo nyuma ya jikoni halikuulizi kama una shilingi. Na mwezi wa nne na wa tano, wakati akiba ya mahindi imepungua katika nyumba nyingi, ndipo mboga uliyopanda mvua ilipoanza inakuwa tayari. Kunde huanza kuchumwa majani baada ya wiki 3 au 4 hivi. Sukuma wiki huchukua karibu miezi miwili baada ya kupandikizwa.

Hebu tuzungumze kuhusu kitalu chenyewe. Ikiwa mnatarajia mvua katikati ya Machi, mbegu za sukuma wiki na managu ziwe kitaluni mwanzoni mwa Februari, kwa sababu mche hukaa humo wiki 4 hadi 6. Tengenezeni tuta la upana wa mita moja ili mama aweze kupalilia bila kulikanyaga. Changanyeni udongo na mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri. Mbegu za managu ni ndogo mno, zichanganyeni na mchanga mkavu zisimwagike mahali pamoja. Wekeni kivuli cha nyasi. Wiki moja kabla ya kuuza, punguzeni kivuli na maji kidogo kidogo ili miche izoee jua la shambani.

Si kila mboga inapenda kung'olewa. Saga na kunde hustawi zaidi mbegu ikipandwa moja kwa moja shambani. Kwa hiyo siku ya mauzo, wekeni meza mbili: moja ya miche ya sukuma wiki, managu na nyanya, na nyingine ya mbegu za saga, kunde na terere. Kwa viazi vitamu, uzeni marando yaliyokatwa kwa urefu wa sentimita 30 kutoka kwa mimea isiyo na ugonjwa.

Nawe mnunuzi, usikimbilie mche mrefu. Mche mzuri una shina nene kama penseli, umesimama wima, una majani 4 hadi 6 ya kijani yasiyo na madoa, na haujaanza kutoa maua. Geuza jani uangalie chini yake, maana wadudu wadogo weusi hujificha huko. Peleka miche nyumbani ikiwa imefunikwa, uipande jioni jua likipungua, na uimwagilie maji siku hiyo hiyo.

Kuna mama atasema, "Sista, mimi nakaa chumba cha kupanga, sina shamba." Mama, chukua gunia la kilo 90. Simamisha katikati yake mkebe usio na kitako, ujaze mawe madogo ndani ya mkebe, na kuuzunguka ujaze udongo uliochanganywa na mbolea, debe mbili za udongo kwa debe moja la mbolea. Vuta mkebe juu na urudie hivyo hivyo hadi gunia lijae. Maji yatapitia kwenye mawe hayo na kufika hadi chini. Toboa matundu ubavuni na upande mche mmoja katika kila tundu. Gunia moja hubeba miche 30 hadi 50. Maji uliyosuuzia mboga au mchele yanatosha kumwagilia. Lakini maji ya mtaro wa choo usiyatumie kamwe, hata kama mboga zitanawiri. Hayo ni maji ya kipindupindu na homa ya matumbo.

Sasa nizungumzie kazi ya kujitolea, kwa maana kikundi si mauzo peke yake. Nchini mwetu akina mama si wageni wa vitalu. Mwaka 1977 Profesa Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement, na wanawake vijijini wakaotesha miche ya miti kwa mikono yao. Walikuwa wakilipwa kiasi kidogo cha pesa kwa mche uliopandwa ukashika. Sikiliza vizuri: si kwa mche uliogawiwa, bali kwa mche ulioshika. Mwaka 2004 Profesa Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na mama aliyekuwa akimwagilia miche kijijini alikuwa na fungu lake katika heshima ile.

Vikundi vyetu vya mboga vichukue somo hilo. Kutoa miche bila kurudi kuitazama ni nusu ya kazi. Tengeni fungu la miche kabla ya meza ya mauzo kufunguliwa. Fungu hilo ni la nyanya anayelea wajukuu mayatima, la mama aliyejifungua juzi, la mgonjwa asiyeweza kushika jembe. Wanachama wawili waende wakamlimie na kumpandia, kisha warudi baada ya wiki mbili, na tena baada ya mwezi. Wakirudi, wasitazame mboga tu. Watazame na watoto: wanakula nini, wamepelekwa kliniki, kijitabu cha mama na mtoto kiko wapi? Wakiona jambo la kutia wasiwasi, wamweleze mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo hilo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Katika kazi hiyo, tujilinde pia sisi wenyewe. Mama mjamzito asibebe mitungi mizito ya maji, apewe kazi ya kupanga mbegu au kuandika hesabu. Mama anayenyonyesha apewe nafasi ya kukaa kivulini na kumnyonyesha mtoto, na anawe mikono kwa sabuni kwanza akitoka kwenye mbolea. Vaeni viatu, nyinyi na watoto. Mnyoo wa safura huingia mwilini kupitia ngozi ya mguu ulio wazi, kisha hunyonya damu tumboni. Mtu anaweza kula mboga kila siku na bado akapungukiwa na damu kwa ajili ya mnyoo huyo. Na mkinyunyizia dawa ya wadudu, watoto wasiwe karibu, someni kwenye kibandiko ni siku ngapi za kungoja kabla ya kuchuma, na chupa tupu isichotewe maji ya kunywa hata siku moja.

Tumefika jikoni. Mboga ikilimwa vizuri na kupikwa vibaya, tumefanya kazi bure. Osha majani yakiwa mazima, kisha ndipo uyakate. Usiyachemshe hadi yapoteze rangi, na supu yake usiimwage. Ongeza mafuta kidogo, maana vitamini A huingia mwilini vizuri ikiwa na mafuta. Ongeza nyanya, au mpe mtoto chungwa au papai baada ya kula, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai usimpe pamoja na chakula, kwa kuwa huyazuia madini hayo. Kwa mtoto wa miezi 6 au 7, ponda mboga pamoja na kiazi au maharagwe hadi iwe laini.

Hapa niseme ukweli wote. Madini ya chuma yaliyo katika mboga hayaingii mwilini kwa urahisi kama yale ya nyama, maini au omena. Kwa hiyo ukipata yai, omena au kipande cha ini, mtoto asiwe wa mwisho kupakuliwa. Pesa za miche zikigawanywa, sehemu yake inunue omena kwa ajili ya mtoto.

Na mboga si dawa ya hospitali. Mtoto akiwa na viganja vyeupe, akichoka upesi, akikataa kucheza au akila udongo, mpeleke kituo cha afya apimwe damu. Mama mjamzito, tembe za chuma na folate unazopewa kliniki uzimeze kila siku, hata kama nyuma ya nyumba yako kumejaa managu. Ukijikuta unatamani mawe yale ya kula yanayouzwa sokoni, mwambie muuguzi, usione haya. Vilevile, mtoto apewe matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6, tangu anapofikisha miezi 6 hadi miaka 5, na dawa ya minyoo kila miezi 6 kuanzia anapotimiza mwaka mmoja.

Kwa ufupi, mama mpendwa, shika haya:

1. Mbegu ziingie kitaluni wiki 4 hadi 6 kabla ya mvua.
2. Kabla ya kuuza, peleka nyumbani miche yako. Anza na mashina 20 ya sukuma wiki au gunia moja.
3. Tengeni fungu la jirani asiye na uwezo, na mrudi kuona kama limeshika.
4. Kila siku mtoto apate mboga iliyopondwa, yenye mafuta kidogo, na tunda.
5. Viganja vikiwa vyeupe, usingoje mavuno. Nenda kliniki.

Maswali ya kujadili kikundini:

Ni wanachama wangapi kati yetu wana mboga nyumbani leo? Ni boma gani jirani lenye watoto lisilo na mboga, na ni nani watakwenda huko wiki hii? Pesa za mauzo yaliyopita zilinunua chakula gani cha watoto?

Mvua inyeshe kwa amani, na miche yenu yote ishike.