Damu Haingoji: Haki ya Mgonjwa Aliyeharibikiwa na Mimba

Utafiti uliofanywa nchini Kenya ulikadiria kwamba mwaka 2012 wanawake wapatao 120,000 walitibiwa katika vituo vya afya kwa matatizo yaliyotokana na utoaji mimba. Hao ni binti zetu, dada zetu na wake zetu.

Hatari huzidi pale mimba inapotolewa na mtu asiye na ujuzi, kwa vifaa visivyo safi au dawa zisizojulikana, na kadiri mimba inavyokuwa kubwa. Huzidi pia mgonjwa anapojificha nyumbani kwa kuogopa lawama.

Damu nyingi, homa, maumivu makali ya tumbo, uchafu wenye harufu mbaya ukeni au kuzirai ni dalili za dharura, hata kama mimba imeharibika yenyewe. Nenda hospitalini mara moja, ukamweleze mhudumu kila dawa uliyotumia, ili akutibu ipasavyo.

Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya mwaka 2010 kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Dai haki hiyo bila kuona haya. Aibu hupita, uhai ukitoka haurudi.